Nani Alisema Kuogelea Si Kwetu?

Wasee, nina miaka 24 na ni wiki iliyopita tu ndio nimeelea majini mara ya kwanza. Bwawa la hoteli moja hapa Kitale. Maji yananifika kifuani, nimeshika ukuta kama makanga amening'inia mlangoni. Kando yangu katoto ka miaka sita kanapiga mbizi bila wasiwasi. Kakaniuliza, "Kwani kwenu hakuna mto?"

Mto uko. Nimelelewa Bungoma. Nzoia inatoka milima ya Cherangani, inapita Trans Nzoia, inaporomoka pale Nabuyole karibu na Webuye, kisha inaenda zake hadi Ziwa Victoria. Lakini mathe alikuwa na sheria moja: ukirudi nyumbani nywele zimelowa, utachapwa. Alikuwa na sababu. Kijana wa darasa letu alichukuliwa na maji tukiwa darasa la sita. Baada ya hapo hakuna mtu alitufunza kuogelea. Tulifunzwa kuogopa.

Sasa watu husema, "Kuogelea si mambo yetu, ni ya Wazungu." Hapo ndipo nabisha.

Kukhu wangu husimulia vile babake alikuwa akivuka Nzoia akiogelea, nguo amezifunga kichwani. Na mpaka leo, msimu wa tohara ukifika, kijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri na kupakwa matope baridi kabla ya kukatwa. Watu wenye mila kama hiyo utawaambia maji si yao?

Angalia bwawa lilikujaje. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walowezi walimiminika Trans Nzoia, ardhi ikawa ya Wazungu. Klabu ya Kitale ilianzishwa 1924, reli ikafika 1926. Klabu za walowezi hazikuwa za kila mtu. Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia ya vinywaji. Kuogelea kwa starehe, kwa kocha na kwa mashindano, kulikua ndani ya kuta kama hizo. Uhuru ulipokuja 1963, rangi iliondolewa mlangoni, bei ikabaki. Shule nyingi za umma hazina bwawa hadi leo. Kwa hivyo mtoto wa tajiri alipata maji na mwalimu. Sisi tulipata maji na kiboko. Hiyo si damu, ni mpangilio.

Na mpangilio huu unaua. Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kikiwa karibu kabisa kufika Ukara. Zaidi ya watu 200 walikufa. Sisemi kuogelea kungeokoa wote. Kivuko kilikuwa kimejaa kupita kiasi, na wengine walinaswa ndani. Lakini mtu anayejua kuelea ana dakika chache zaidi za kusubiri msaada.

Kama unadhani umechelewa, kuna jamaa anaitwa Eric Moussambani, wa Guinea ya Ikweta. Alianza kujifunza miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney 2000. Hakuwa amewahi kuona bwawa la mita 50. Wapinzani wake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akaogelea peke yake. Mita 100 zilimchukua dakika 1 na sekunde 52.72. Mshindi wa fainali alitumia sekunde 48.30. Uwanja mzima ulimshangilia, na alimaliza.

Mimi bado niko kwa kupuliza mapovu na kuelea chali. Kocha anasema pumzi kwanza, mikono baadaye. Na tafadhali usiende kujifunzia Nzoia peke yako ati kwa sababu umesoma hii. Tafuta maji yaliyotulia na mtu anayejua.

Jana nilimpigia mathe nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo. Nikajua ile sheria bado iko. Kisha akauliza, "Hapo wanafunza pia watu wa umri wangu?"

Jumamosi anapanda matatu kutoka Bungoma. Wewe ya kwako unaanza lini?