Kilobaiti 16 kwa pauni 49.95

Wiki hii hapa hosteli mjadala ni mmoja tu: laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 inafaa tena, au ni ya kutupa? Jirani yangu wa chumba anataka bumu lote liishie dukani. Kabla hajatoa hela, nimeona niwape stori ya ZX81.

Hii kompyuta ilitoka Uingereza Machi 1981, kazi ya Sinclair Research ya Cambridge. Ikiwa tayari imeungwa iliuzwa pauni 69.95, ukichukua vipande ukaunga mwenyewe, pauni 49.95. RAM? Kilobaiti 1! Yaani baiti 1,024 basi. Sasa pigeni hesabu: mfumo wenyewe unachukua baiti 125. Skrini ikijaa, mistari 24 ya herufi 32, inakula 793. Zinabaki 106, na programu yako ikae humo humo. Ndiyo maana mashine ilibana skrini, mstari mtupu ukahifadhiwa kwa baiti moja tu.

Dawa ilikuwa kiboksi cheusi cha kilobaiti 16, nacho pauni 49.95, sawa na bei ya vile vipande vya kompyuta nzima! Kilichomekwa nyuma, hakina hata skrubu. Ukibonyeza kibodi kwa nguvu kinatikisika, mguso unakatika, na kama hujahifadhi kwenye kaseti, kazi yote kwisha habari yake. Watu wakakishikiza kwa utepe na gundi laini ya kubandikia mabango.

Lakini jamani kilisaidia. Bila kilobaiti 16 usingecheza 3D Monster Maze ya Malcolm Evans. Wakati huohuo, David Horne akaandika chesi ndani ya baiti 672 tu, japo sheria chache hazikuwemo. Mmoja alitumia nafasi zaidi, mwingine akili ya kubana. Zote zilifanya kazi.

Kilichonifurahisha zaidi ni ZX Spectrum ya Aprili 1982. Ya kilobaiti 16 ilikuwa pauni 125, ya 48 pauni 175. Zile 32 za nyongeza zilitoka kwenye chipu 8 za kilobiti 64 ambazo nusu yake ilikuwa mbovu kiwandani. Badala ya kutupwa, ziliuzwa rahisi kama chipu za kilobiti 32, Sinclair akatumia ile nusu nzima. Watu wakapata kompyuta kwa bei wanayoiweza.

Basi jirani nimemwambia hivi: kwanza angalia ni programu gani inajaza hiyo RAM. Pili, fungua uone kama kuna nafasi ya kuongeza, maana laptopu nyingine za siku hizi RAM imelehemiwa kwenye bodi na huongezi kitu. Nafasi ikiwepo, nunua kipande, hela inayobaki ule mpaka mwisho wa semista.

Bado anafikiria. Nyie wadau mnamshauri nini?