Vyura na samaki ndani ya kioo: kutengeneza na kutunza kinamasi cha nyumbani

Paludariamu ni tanki la kioo lenye sehemu mbili: maji ya samaki, na nchi kavu yenye mimea ambako vyura hukaa. Jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinamasi. Mijini huwekwa sebuleni kama pambo. Msikilizaji wa kijijini anaweza kuuliza kuna haja gani ya kumgharimia chura, ilhali masika wanatunyima usingizi bure. Jibu moja liko hapa hapa Tanzania.

Mwaka 1996 watafiti walimkuta kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, chura mdogo wa njano asiyezidi sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, hakuna kwingine duniani. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, maji mengi yalielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka huo vyura karibu 500 walipelekwa Marekani, wakatunzwa kwenye matanki ya kioo yanayonyunyiziwa maji. Korongoni iliwekwa mipira ya kunyunyizia, lakini mwaka 2003 vyura wakapukutika ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukagundulika miongoni mwao. Mwaka 2009 shirika la IUCN lilitangaza kwamba ametoweka porini. Waliobaki wote walikuwa ndani ya vioo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Sasa tuchukue nyumba ya Mbweni, pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam. Fundi vioo anaweza kukuungia tanki la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45, kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu. Lijaribu kwa maji nje siku mbili kabla ya kuliingiza ndani. Maji ya kina cha sentimita 15 ni lita 60, yaani kilo 60, na hapo hujahesabu kioo wala mawe. Meza iwe imara kweli. Panga mawe upande mmoja hadi yapite usawa wa maji, juu yake tandaza makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa mara kadhaa, kisha panda mimea. Ukingo uwe na mteremko, kwa sababu chura anayeishi kwenye majani anaweza kuzama akikosa pa kupandia. Vitabu vya Ulaya vinakwambia ununue kifaa cha kupasha maji joto. Pwani yetu hukihitaji. Hofu yako ni jua la dirishani, ambalo huweza kupika kila kilichomo kwa mchana mmoja.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi, na ngozi ya chura hupitisha kila kilichomo majini. Kisima ambacho sabuni haitoi povu kiache. Maji ya bomba yenye klorini yaweke kwenye ndoo wazi siku moja au mbili. Ya mvua yanafaa, ila mwaga yale ya kwanza yanayosafisha bati. Halafu subiri wiki nne hadi sita huku pampu yenye sponji ikifanya kazi na ukitupia chembe chache za chakula, ili bakteria wanaovunja sumu ya kinyesi cha samaki wazaliane. Baadaye badilisha sehemu moja ya tano ya maji kila wiki. Sponji usiioshe kwa sabuni. Isuuze kwa maji ya tanki lenyewe.

Vyura wadogo wa matete hukaa vizuri na samaki wadogo kama gapi. Chura mkubwa humeza chochote kinachoingia mdomoni, na chura wa magamba-magamba anayekaa uani ana sumu kwenye ngozi, hafai kwenye maji machache. Chakula cha vyura ni wadudu hai: nyenje wadogo, nzi, kumbikumbi, wasiotoka shamba lililopigwa dawa. Funika kwa wavu. Kiswahili kinawaita watoto wa chura na wa mbu jina moja, viluwiluwi, lakini wa pili ni hatari: Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotuama nyumbani. Samaki watawala walio ndani ya tanki. Ndoo yako ya akiba ifunike mwenyewe.

Kabla ya kukamata chura yeyote porini, muulize ofisa wanyamapori wa wilaya kuhusu kibali. Nawa mikono kabla na baada ya kushika, bila kuacha sabuni vidoleni. Gapi asili yake ni Amerika Kusini, kwa hiyo usimmwage mtoni, wala maji ya tanki, maana ule ukungu wa ngozi husafiri nayo.

Kwa aliye kijijini, sisi tungeshauri kuacha kioo kabisa. Chimba beseni kubwa ardhini kivulini, weka jiwe la kupandia, matete kandoni na samaki wachache wa bwawa lenu wa kula viluwiluwi vya mbu. Mvua zikianza, vyura watakuja wenyewe. Ukiona povu jeupe limening'inia kwenye tawi juu ya maji, usilipangue: ni kiota cha chura, na baada ya siku chache viluwiluwi vitadondoka majini.