kioanishi

kioanishi nm [ki-/vi-] Programu inayooanisha vitu vya lugha ya kompyuta na safumlalo za majedwali ya hifadhidata, ili mwandishi wa programu ashughulike na vitu huku maagizo ya SQL yakitungwa kwa niaba yake, ORM. *Kioanishi kilisoma safumlalo moja ya jedwali la kata na kurudisha kitu kimoja.*

Uundaji. Kutokana na *oana* 'patana, lingana', kisha *oanisha*, kwa mtindo uleule uliozaa *kiunganishi* kutokana na *unganisha*. Kukiita "kichora ramani" kunapotosha, kwani hakuna kinachochorwa.

Maelezo. Katika lugha ya Python, vioanishi vinavyojulikana sana ni SQLAlchemy, iliyotolewa na Mike Bayer mwaka 2006, na kile kilichomo ndani ya Django, iliyotolewa mwaka 2005.

Kazi yake hueleweka vyema kwa mfano wa majina ya mahali. Jina *Kagoma* hupatikana Muleba mkoani Kagera, na pia Jinja nchini Uganda. Kwa hiyo jina pekee halitoshi kutambulisha mahali. Kila safumlalo hupewa namba yake, yaani *ufunguo msingi*. Safumlalo ya kata ya Kagoma hairudii habari za Muleba, bali hubeba namba ya wilaya hiyo tu, yaani *ufunguo wa kigeni*. Vivyo hivyo, kila wilaya hubeba namba ya mkoa wake.

Faida ya mpango huu huonekana mipaka ya utawala inapobadilika. Mwaka 2012 Chato iliondolewa Kagera na kuingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Katika hifadhidata iliyopangwa hivi, badiliko hilo ni la namba moja katika safumlalo ya Chato. Kata zake zote hufuata bila kuguswa. Kwa kioanishi, huandikwa `chato.mkoa = geita`. Hata hivyo, badiliko hilo halijafika katika hifadhidata: SQLAlchemy husubiri `commit()`, na Django husubiri `chato.save()`.

Matumizi

1. *Uhusiano.* Hifadhidata ya aina hii huitwa "ya kimahusiano", na wafasiri wengine hueleza kuwa ni ile yenye majedwali yanayohusiana. Maelezo hayo si sahihi. Katika makala ya Edgar F. Codd ya mwaka 1970, "uhusiano" ni dhana ya hisabati inayolingana na jedwali lenyewe, si kamba inayofunga jedwali moja na jingine. Hifadhidata yenye jedwali moja tu bado ni ya kimahusiano.

2. *Nukta na a-unganifu.* Usemi `kijiji.kata.wilaya.mkoa` husomwa kwa Kiswahili kuanzia mwisho: *mkoa wa wilaya ya kata ya kijiji*. Kila nukta huchukua nafasi ya a-unganifu moja, na mwalimu anaweza kuutumia ulinganisho huu darasani bila wasiwasi, mradi aeleze tofauti moja. A-unganifu haina gharama, ilhali kila nukta inaweza kuwa safari mpya ya kwenda kwenye hifadhidata. Programu ikiorodhesha vijiji 40, kila kimoja cha kata yake, kisha ikataja `kijiji.kata.jina` kwa kila kijiji, hutuma swali 1 la orodha na mengine 40 ya kata, jumla 41. Dawa yake ni kuomba kata pamoja na vijiji tangu mwanzo, kwa `select_related` katika Django au `joinedload` katika SQLAlchemy; maswali 41 huwa 1. Kwa sababu hiyo, mfasiri asiandike kwamba kioanishi "humwondolea mtumiaji SQL". Humwondolea kuiandika tu. Kuielewa bado kunambidi.

Linganisha: hifadhidata, jedwali, safuwima, ufunguo msingi, a-unganifu.