Historia ya Dawa za Kupunguza Unene

Watu wengi, wakitajiwa Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, hufikiri njaa peke yake. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulidhihirisha kwamba, kati ya kila watu wazima 100 wa Kibera, wapatao 5 walikuwa na kisukari, maradhi ambayo unene ni sahibu wake. Wala si ajabu, maana kando ya njia, kuanzia Makina kule Kibera hadi steji ya 56 kule Kawangware, chipsi, mandazi na chapati hupatikana kwa sarafu chache, ilhali samaki na matunda yataka mfuko mzito zaidi.

Na tamaa ya kupunguza unene kwa dawa si ya leo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha nchini Ufaransa, walioshika kemikali iitwayo dinitrofenoli, walikonda kwa homa kali, na baadhi yao wakafa. Licha ya hayo, mwaka 1933, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliitangaza kuwa dawa ya unene, ikatumiwa na maelfu ya watu, hata ilipowatia wengine mtoto wa jicho na kuwaua wengine, ikakomeshwa mwaka 1938. Zikafuata amfetamini, zilizokata hamu ya chakula na kuwaachia watu uraibu. Kisha fenfluramini, iliyoondolewa mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Kisha sibutramini, iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuzidisha hatari ya kiharusi.

Katika dawa zitumikazo leo, orlistati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, huzuia kadiri ya thuluthi ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini, na mwenye kula mafuta mengi huharisha. Semaglutidi, iliyoidhinishwa huko kwa unene mwaka 2021, hudungwa mara moja kwa juma kwa kalamu ya sindano, nayo huiga homoni ya matumbo na kutuliza njaa. Katika majaribio ya wiki 68 watu walipungukiwa na wastani wa asilimia 15 ya uzito wao, lakini walioiacha walirudiwa na thuluthi mbili ya uzito walioupoteza katika mwaka mmoja. Kalamu hiyo, kabla ya kufunguliwa, hutakiwa kukaa katika jokofu. Na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilihadharisha juu ya zile za bandia.

Kenya ina Sheria ya Famasia na Sumu tangu mwaka 1957, na dawa kama semaglutidi haziuzwi kwa halali pasipo cheti cha tabibu. Cheti hicho ni amana tuliyoachiwa na walioumia kabla yetu. Basi, ewe ndugu wa Gatwekera kule Kibera au Gatina kule Kawangware, usitoe shilingi yako kwa kalamu isiyojulikana itokako. Nenda hospitali ya Mbagathi au kituo cha afya kilicho karibu, upimwe sukari na shinikizo la damu, umweleze tabibu dawa yo yote uitumiayo, na kama una mimba, usimfiche.