Alama za Kale na Maana Mpya

Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Huko Marekani mkesha huo huitwa Halloween, na watoto huchonga maboga, wakatia mshumaa ndani yake, wakavaa sura za kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Baadhi ya makanisa ya huko yamelipa boga maana ya Kikristo: mbegu zitolewazo ni dhambi, na mshumaa ni nuru ya Mungu moyoni.

Njia hiyo ni ya zamani sana. Katika mwaka wa 601 Papa Gregori wa Kwanza alimwandikia Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza, akaagiza kwamba mahekalu ya wenyeji yasibomolewe. Sanamu ziharibiwe, nyumba zinyunyizwe maji ya baraka, na ng'ombe waliokuwa wakichinjiwa miungu wachinjwe kwa karamu ya kumshukuru Mungu. Miaka minane baadaye Papa Bonifasi wa Nne aliligeuza hekalu la Pantheon, mjini Roma, kuwa kanisa la Bikira Maria na wafia dini.

Ukambani nako mambo kama hayo yalitokea. Wakamba wa kale walimjua Muumba, wakamwita Mulungu na Ngai. Waliomba mvua kwenye mathembo, yaani mahali patakatifu penye miti mikubwa. Aimu, ndio roho za waliokufa, waliwatengea chakula kidogo na kuwamwagia kinywaji chini. Krapf alifika Kitui mwaka 1849, na katika mwaka wa 1895 wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kazi Nzaui. Jina la Ngai lilipokewa, na hata leo limo katika Biblia ya Kikamba. Lakini sadaka za aimu zilikatazwa. Basi jina lilipata maana mpya, na swali la wafu likabaki. Mwana wa Kitui, kasisi John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931, alilichukua swali hilo katika vitabu vyake, akawaita marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina "wafu walio hai".

Sasa tufikiri juu ya Kiboko, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Pale boga ni chakula, wala halimtishi mtu. Kanisa likilichonga na kulieleza, litakuwa limejibu swali ambalo hapana aliyeliuliza. Lakini kijana aliyesikia kwamba babu zake walimwaga kinywaji chini kabla ya kunywa ana swali lililo lake mwenyewe: sisi na waliotutangulia tuna uhusiano gani? Sikukuu ya Watakatifu Wote ina neno la kumjibu.  Katika barua hiyo Gregori alianza na alama walizokuwa nazo Waingereza. Atakaye kuandaa sherehe Ukambani na aanzie hapo.