Pori Lenye Mwenyewe

Mjomba wangu ana shamba ambalo halilimi. Liko kaskazini mwa Wilaya ya Chunya, upande wa Kipembawe, na ndani yake mna mininga, miyombo na mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu sana. Kiangazi kilichopita nilikuwa naye siku kamati ya kijiji ilipopita kupima mashamba kwa ajili ya hati za hakimiliki ya kimila. Kijana aliyeshika daftari alimwuliza, "Baba, hapa unalima nini?" Mjomba akajibu kwamba halimi. Kijana akaandika neno moja: pori.

Nasoma shahada ya umahiri katika historia, na neno hilo silioni kama neno la kawaida tena. Kwa zaidi ya miaka mia moja, ardhi ya nchi hii imekuwa ikichukuliwa kwa neno hilohilo, au kwa ndugu zake.

Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Swali likawa ni nani anayeamua kama ardhi ina mwenyewe. Wakimbu, ambao ndio wenyeji wa nchi ya Kipembawe, waliishi kwa kutawanyika katika miombo: walilima kidogo, wakawinda, wakarina asali, wakahama udongo ulipochoka na kurudi baada ya miaka mingi. Padre Aylward Shorter, aliyeandika historia ya utawala wao katika kitabu kilichotoka mwaka 1972, aliona utaratibu katika maisha hayo. Ofisa mwenye ramani aliona nafasi tupu.

Waingereza walipokuja, sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma. Ilibidi wairekebishe mwaka 1928 ndipo haki za kimila zitajwe waziwazi. Miaka hiyohiyo walikuwa wakiwakusanya watu wa nchi za miombo za magharibi katika makazi maalumu, kwa hofu ya malale na mbung'o. Kusini kidogo, dhahabu ya Lupa ilikuwa imeanza kuvuta wachimbaji kutoka kila upande. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Kila aliyehamishwa aliacha nyuma kitu ambacho baada ya misimu michache kilionekana kama pori. Babu yangu naye alihamishwa. Shamba la mjomba ni sehemu ya alichokirudia baadaye, na familia ilipofika ilikuta miti imeshajirudisha yenyewe. Hawakuikata.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili kwa mpigo, na hapa ndipo wanasheria hupenda kugombana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji na kutoa hati za kimila. Zaidi ya hayo, inahesabu kuipumzisha ardhi kuwa ni matumizi halali. Lakini Sheria ya Ardhi, Namba 4, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Yaani sheria moja inakwambia shamba lako limepumzika, na dada yake, aliyezaliwa naye siku moja, anaweza kusema halina kazi. Miaka mitatu baadaye Sheria ya Misitu ya 2002 ilitambua hata misitu ya watu binafsi, ikiwemo ile iliyo kwenye ardhi ya kimila. Kwenye karatasi, mjomba ana msitu. Kwenye daftari la yule kijana, ana pori.

Tofauti hiyo si ya maneno tu, na ushahidi wake uko Shinyanga. Wasukuma walikuwa na ngitili: kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza, majani na miti vikaachwa vikue, kisha mifugo ikaingizwa kiangazi kinapokaza. Baada ya watu kuhamishiwa vijijini, ngitili nyingi zilipotea, kwa kuwa mwenye kuilinda alikuwa anakaa mbali. Mwaka 1986, mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, ngitili zilizojulikana rasmi zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Wengi husimulia habari hiyo kama ushindi wa wataalamu. Mimi naona kilichofanya kazi ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Wataalamu waliacha kusisitiza miche ya kitaluni, wakakubali utaratibu ambao watu walikuwa nao tayari. Dagashida, baraza la jadi, lilitoza faini kwa aliyeingiza ng'ombe katika ngitili ya mwenzake. Vijiji vikatunga sheria ndogo, na sheria ndogo ya kijiji huhitaji idhini ya halmashauri ya wilaya ndipo iwe na meno. Msaada mkubwa wa serikali kwa mwenye ngitili ya familia haukuwa fedha. Ulikuwa kukubali kwamba kipande kile kina mwenyewe ingawa hakuna jembe lililopita.

Chunya ina Wasukuma wengi sasa, waliokuja na ng'ombe wao, hivyo utaalamu huo si mgeni. Ugumu uko kwingine. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni kwenye mabani, na ikiuzwa halmashauri hupata ushuru. Mwaka 2017 kiwango cha ushuru wa mazao ya biashara kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, lakini bado ni fedha inayoonekana. Dhahabu nayo huleta ushuru wa huduma. Mninga uliosimama hauleti hata senti. Sidhani kwamba diwani yeyote anachukia miti. Ila bajeti huandikwa kwa kile kinachopita mzani.

Siku ile mjomba hakusema lolote kati ya haya. Alimwomba kijana alifute neno lile.

"Niandike nini sasa, baba?"

"Andika nyuki."

"Nyuki hawalimwi."

"Na wewe tumbaku yako unaikausha kwa nini? Kwa jua?"

Wanakamati wakacheka, kijana naye akacheka. Akakata pori kwa mstari mmoja, akaandika nyuki juu yake, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha. Hati haijatoka bado. Mjomba hunipigia kila baada ya wiki mbili kuniuliza, mimi niliyesoma, kama mstari ule mmoja unatosha.