Safu za Daftari: Historia Fupi ya Istilahi za Usawa Hospitalini

Kila hospitali ya umma ina daftari, na kila daftari lina safu zake. Mwenye kuandika vichwa vya safu ndiye anayeamua ni jambo gani la mtu litakaloonekana na ni lipi litakalofichika. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi maneno ya safu hizo yalivyobadilika nchini mwetu, kisha tuzipime istilahi zinazohitajika pale hospitali inapotaka kujua kama inawatendea haki wagonjwa na watumishi wake wote.

Wakati wa ukoloni, safu iliyotangulia zote ilikuwa ya rangi. Mjini Dar es Salaam Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao iliyoitwa Sewa Haji, kwa jina la tajiri wa Kihindi aliyetoa fedha za kuijenga. Waingereza nao waliendelea kutenga. Hata hesabu ya watu ilitengwa: mwaka 1948 na mwaka 1957 wasio Waafrika walihesabiwa mwezi wa Februari, na Waafrika wakangojea hadi Agosti. Kwa hiyo maneno Mzungu, Mwasia na Mwafrika hayakuwa maelezo matupu. Yaliamua mtu atalala wodi gani na atalipwa mshahara gani.

Uhuru ulileta fikra nyingine. Mwezi wa Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, Mwalimu Nyerere alikataa katakata uraia wa kupimwa kwa rangi ya ngozi. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila na dini. Sensa zilizofuata za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walidai swali la dini lirudishwe, na wengine wakasusia kuhesabiwa, lakini Serikali haikulirudisha. Hatua hiyo ilisaidia kujenga taifa, nalo neno ukabila likabaki na maana ya lawama tu. Hata hivyo jambo hilo lina upande wa pili: kundi lisilohesabiwa haliwezi kuonyesha kwamba limesahauliwa.

Wakati safu ya kabila ikifutwa, safu nyingine zilipata uzito mpya. Neno jinsi lilikuwa likitumika tangu zamani kwa maana ya aina au namna, na pia kwa kutofautisha ume na uke. Katika miaka ya 1990 neno jinsia lilienea kwa maana ya uhusiano wa wanawake na wanaume katika jamii. Mtandao wa Jinsia Tanzania uliundwa mwaka 1993. Wizara iliyoanzishwa mwaka 1990 kwa jina la Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto baadaye iliacha neno Wanawake ikachukua Jinsia, na mwaka 2022 maneno yote mawili yakawekwa pamoja, yakifuatwa na Makundi Maalum. Katika vituo vya afya, vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, huwatenganisha wagonjwa kwa umri na kwa herufi mbili, Me na Ke.

Safu ya ulemavu ina historia yake. Kipofu, kiziwi na kiwete ni maneno ya kale yenye kiambishi cha ngeli ya vitu. Wako wanaosema kwamba kiambishi hicho kinamdunisha mtu. Sisi twaona kwamba hoja hiyo peke yake haitoshi, maana kijana na kiongozi pia wamo humo humo. Ubaya umo katika kumwita mtu kwa kilema chake, kana kwamba hana sifa nyingine. Ndiyo maana mtu mwenye ulemavu limekubalika kuliko mlemavu, na mtu mwenye ualbino kuliko zeruzeru. Sheria nazo zilisogea. Ile ya 1982 iliwataka waajiri wenye watumishi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa wenye ulemavu. Ile ya 2010 iliwataka wenye watumishi 20 au zaidi wafikie asilimia 3. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandae mpango wa kuleta usawa wa fursa kazini. Basi mwajiri atatekelezaje asilimia hizo bila ya kuhesabu?

Majirani na wengine walichagua njia tofauti. Nchini Kenya, sheria ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja, na hospitali za umma zimo. Chombo kinachosimamia jambo hilo huitwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambapo uwiano una maana ya kuishi kwa mapatano, ilhali kwetu uwiano ni ulinganifu wa kiasi na kiasi. Nchini Uingereza, hospitali za umma zilianza mwaka 1995 kuandika asili ya wagonjwa waliolazwa.

Sasa tuitazame Ihanja, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida. Hiyo ni nchi ya Wanyaturu, na katika maeneo hayo ya kati ya nchi lugha za Kibantu kama Kinyaturu hukutana na Kibarabaigi, ambacho ni cha Kiniloti, na Kisandawe chenye vidoko. Bibi kizee aliyekulia Kinyaturu akiambiwa anywe dawa "kutwa mara tatu", na mganga ametoka mkoa mwingine, huenda akaitikia kwa adabu na asielewe. Daftari litamwonyesha kuwa ni Ke, ana miaka kadhaa, na amepewa dawa. Kosa halitaonekana popote. Hapa hatupendekezi safu ya kabila irudi. Twapendekeza swali moja: "Ni lugha gani unayoielewa vyema?" Swali la kabila humpanga mtu, bali swali la lugha humwita mkalimani. Sisi tunaokikuza Kiswahili tusione haya kulisema hilo.

Kuhusu istilahi zenyewe, usawa halina mgogoro. Tofauti halifai kwa wingi wa aina za watu, maana watu wenye tofauti aghalabu ni watu waliogombana. Uanuwai ni bora, na bioanuwai imekwisha kulizoesha sikio. Ufuatiliaji lina hatari, kwa kuwa kumfuatilia mtu ni pia kumpeleleza. Twashauri litumike likiambatana na lengo lake: ufuatiliaji wa usawa na uanuwai. Na juu ya kila fomu iandikwe kwa Kiswahili chepesi sababu ya kuulizwa na nani atakayesoma jibu, kwani katika nchi iliyowahi kuhesabu watu wake kwa rangi, mwenye kuulizwa ana haki ya kuuliza kwanza.